Tubuni Juu ya Mapaa Yenu

Ndugu zangu wa Kasese, nanyi wa Bwera mnaopandisha maghorofa kwenye njia ya Mpondwe, sikieni! Kumbukumbu la Torati 22:8 humwamuru ajengaye nyumba aweke ukingo kwenye paa, mtu asianguke akafa. Mmetii. Lakini ukingo usio na tundu la kutolea maji hugeuza paa kuwa birika. Umemwokoa wa juu, umemzamisha mpangaji wa chini!

Inueni macho mtazame dari zenu. Lile doa la kahawia, ile chokaa nyeupe iliyoganda kwenye ufa, ni ushahidi: maji yamepita, na sasa yanakula nondo. Mtalipaka doa rangi mpaka lini? Rangi ya chumbani haizuii hata tone.

Tubuni! Na toba ya paa huanza na mteremko. Kila mita 1 ishuke sentimita 1 hadi 2 kuelekea kwenye bomba. Wala msiseme, "Saruji ya Hima iko hapa hapa, tutaizidisha." Zege hutanuka kwa jua la mchana, mvua ya Rwenzori ikilipiga jioni hunywea, na hatimaye hupasuka. Linataka tabaka la kuzuia maji linalonyumbulika.

Basi chagueni kwa akili. Paa lisilokanyagwa, livisheni karatasi ya lami inayobandikwa kwa moto wa gesi, yenye changarawe laini usoni. Lami tupu hukaushwa na jua ikachanika. Roshani itakayowekwa vigae, ipakeni dawa ya saruji yenye mpira, mkono wa kwanza na wa pili, wa pili ukikatiza wa kwanza, na wavu kwenye pembe. Njia yoyote mtakayoshika, tabaka lipande ukutani sentimita 15 na kukumbatia kila bomba, maana maji hupenda kupenya pembeni. Fanyeni kazi hiyo kiangazi cha Juni na Julai, zege likiwa kavu, kwa sababu lami haishiki penye unyevu.

Kisha mjaribuni fundi kabla ya kummalizia pesa yake. Zibeni bomba, mwageni maji yafike sentimita 3, yalale humo saa 24, mshuke chini na tochi. Fundi mwaminifu atashuka pamoja nanyi. Anayesema, "Bosi, hakuna haja," huyo mwogopeni!

Usingoje mvua za Agosti. Panda leo na ndoo ya maji, mimina, utazame yanakokwenda. Yakituama, mwite fundi wa mteremko kabla hujamwita muuza dawa.