Mtu Hana Bei

Wapenzi wakatekumeni,

Juma lililopita, baada ya mafundisho, mmoja wenu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo: "Mwalimu, umesema kila mtu ana heshima mbele ya Mungu. Hata yule mwizi wa mbuzi aliyefungwa kamba sokoni?" Nyote mwamkumbuka. Alivuliwa nguo, akapigwa, watoto wakamtupia matope. Mimi nami nilipita pale, nikaharakisha mwendo. Basi swali lile lilinihusu mimi kwanza.

Ziko heshima za namna mbili, nasi twazichanganya kwa kuwa neno ni moja. Ya kwanza hupatikana kwa umri, kwa cheo au kwa matendo mema. Hiyo yaweza kupotea, na mwizi yule ameipoteza kwa mkono wake mwenyewe. Ya pili ni hadhi ya utu. Hiyo hakupewa na baraza la wazee, wala baraza haliwezi kumnyang'anya.

Mwaka 1785 mwenye hekima mmoja wa Ulaya, Immanuel Kant, aliandika kwamba vitu vingine vina bei, na vingine vina hadhi. Chenye bei chaweza kubadilishwa na kingine cha thamani ile ile. Mbuzi wangu akifa, nami nikilipwa mbuzi mwingine, shauri limekwisha. Lakini mama aliyefiwa na mtoto, nani atathubutu kumwambia, "Chukua huyu mwingine"? Mama zetu walilijua jambo hili bila kitabu.

Sheria za wanadamu zilichelewa. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji hapa Kongo ilianza kutoa kadi ya sifa kwa Wakongo waliohesabiwa kuwa wameendelea, kana kwamba utu hupimwa kwa mtihani. Na mwaka ule ule, tarehe 10 Desemba, Umoja wa Mataifa ulitangaza mjini Paris kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa katika hadhi. Nchi 48 zilikubali, na Ubelgiji ilikuwa mojawapo! Leo Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 16, yasema kwamba mtu ni mtakatifu, na yakataza kumtendea yeyote kwa ukatili au kwa kumdhalilisha. Haisemi: isipokuwa mwizi.

Lakini hadhi hiyo yatoka wapi? Kant aliitafuta katika akili ya mtu iwezayo kujiongoza. Nashindwa kuishia hapo, kwa maana kuna mtoto mchanga, na kuna yule aliyepotewa na akili. Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba Mungu alimwumba mtu kwa mfano wake. Mfano huo hauko katika akili kali wala katika nguo safi. Uko katika mtu mzima, tangu tumboni mwa mama yake.

Mtazameni Mtakatifu Josephine Bakhita, mzaliwa wa Darfur katika Sudani. Alitekwa angali mtoto, akauzwa mara nyingi, naye kwa hofu akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Jina Bakhita alipewa na waliomteka. Ni neno la Kiarabu lenye asili moja na neno letu "bahati". Mwaka 1889, huko Venezia, wakubwa wa sheria walitamka kwamba yeye ni mtu huru. Je, siku ile ndipo alipopata utu? Hasha. Walikiri tu jambo lililokuwapo hata alipokuwa akiuzwa. Mwaka 1890 akabatizwa, na mwaka 2000 Kanisa likamtangaza mtakatifu.

Mtaniuliza: basi mwizi aachwe? La. Mbuzi alipwe, na hakimu atoe adhabu. Kumhukumu mtu ni kukiri kwamba ni mtu, awezaye kujibu kwa matendo yake. Lakini pale sokoni hakuna aliyemwita kwa jina. Wote walisema "mwizi" tu, na mwalimu wenu alinyamaza.

Jumapili baada ya Misa nilikwenda kwa dada yake, alikolazwa kwa majeraha. Nilimwita kwa jina lake, nikamwomba radhi kwa kuwa nilipita. Hakujibu neno. Baadaye alinyosha mkono, akanisogezea kiti.