Mkubaliane Kabla ya Kuvuka

Maandiko ya kusoma: Hesabu 32:1–33, Yoshua 1:12–18, Yoshua 22:1–34



Tumefundisha sana juu ya imani katika kanisa hili. Leo nataka tuongee juu ya kuaminiana. Imani ni kati yako na Mungu. Kuaminiana ni kati yako na yule unayefanya naye kazi ya Mungu, na hapo ndipo wengi wetu tunachechemea. Mtu anaamini kabisa kwamba parapanda italia na wafu watafufuka, lakini hawezi kumwamini kiongozi wa idara nyingine na ufunguo wa stoo. Mwambie jirani yako, “Hapo ameniona.”

Hebu tuseme ukweli. Ugomvi mwingi kanisani hauletwi na mafundisho ya uongo. Unaletwa na spika. Unaletwa na sukari ya kesha. Timu ya sifa wanadhani watu wa mitambo watafika saa moja asubuhi, watu wa mitambo wanadhani ibada ni saa tatu kwa hivyo saa mbili na nusu inatosha, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Jumapili ya tatu wameanza kusema, “Wale wanatuhujumu.” Jumapili ya tano kuna mtu amefunga siku tatu akipinga roho ya vita katika madhabahu, na shida yenyewe ingemalizwa na swali moja Ijumaa jioni: mtafungua saa ngapi?

Sasa tufungue Hesabu 32.

Israeli wako ng’ambo ya mashariki ya Yordani. Kanaani inaonekana. Makabila ya Reubeni na Gadi yana mifugo mingi kupita kiasi, na wameona nchi ya Yazeri na Gileadi ni ya malisho. Ukitoka katika nyumba ya wafugaji huhitaji kuelezwa. Ukiona nyasi, husubiri unabii ukuambie ni nyasi. Wanamwendea Musa na Eleazari kuhani na wakuu wa mkutano, wanaomba wapewe nchi ile wasivushwe Yordani.

Musa akawaka. Anawauliza kama ndugu zao waende vitani na wao wakae tu pale. Anawakumbusha Kadesh-barnea, vile wapelelezi kumi kati ya kumi na wawili walivyowavunja watu moyo na kizazi kizima kikaanguka jangwani. Musa alisikia ombi la malisho, akaona uasi. Biblia haituambii kama watu wa Gadi walikuwa wamepanga kwenda vitani tangu mwanzo au walibadilisha nia baada ya kukemewa. Mimi naona hawakuwa wamefikiria upande huo hata kidogo. Walikuwa wanafikiria ng’ombe. Ndivyo idara zilivyo: kila mtu anaona kazi yake vizuri sana, na ya mwenzake anaiona kama ukungu.

Lakini angalia mstari wa 16. Wakamkaribia Musa. Hawakununa, hawakuondoka kwenye kikao, hawakutoka kwenye kundi la WhatsApp kimyakimya tukabaki kuona jina limetoka. Waliposhukiwa walisogea karibu zaidi, wakaeleza. Na maelezo yao, ndugu zangu, yako wazi kuliko mikutano mingi ya kamati zetu.

Walisema watafanya nini: watavuka wakiwa na silaha, na watatangulia mbele ya wana wa Israeli. Mbele. Hawakusema “tutasaidia pale tutakapoweza.” Unajua hilo neno letu, “tutaangalia”? Ukimwambia mtu tutaangalia, yeye amesikia ndiyo na wewe umesema hapana, na wote wawili mtaenda nyumbani mkifurahi hadi siku ya kazi.

Walisema pia mpaka lini: hawatarudi nyumbani kwao hadi kila mtu wa Israeli apate urithi wake. Hili swali la mpaka lini ndilo tunalisahau zaidi. Tunamwambia dada, “Shikilia tu darasa la watoto kidogo.” Kidogo hicho kina miaka minne sasa. Haingii ibadani kusikia neno, amechoka, na siku akiacha tutasema amerudi nyuma. Kumbe hakurudi nyuma, alishikilia kidogo.

Na walisema wasichodai: wakishapata upande huu, hawataomba fungu upande ule. Hapo waliondoa hofu kabla haijazaliwa. Fikiri kabila dogo limesimama pale linajiuliza, “Hawa wakipigana mbele na wana nguvu hivi, si watatwaa na yetu?” Jibu limeshatolewa mbele ya watu wote.

Musa naye hakusema “sawa, nawaamini” akaondoka. Aliyarudia maneno yao, na aliporudia alirekebisha kitu. Wao walikuwa wametaja mazizi ya mifugo kwanza, kisha miji ya watoto. Musa akageuza: jengeni miji ya watoto wenu, na mazizi ya kondoo. Na ukisoma mstari wa 26, wakijibu, watoto na wake zao wametangulia kutajwa. Kuna mtu anaona hiyo? Kurudia makubaliano kwa sauti si kupoteza wakati. Ndipo mnagundua mmoja wenu aliweka ng’ombe mbele ya watoto.

Kisha Musa akaweka wazi itakuwaje wasipotimiza. Hapa ndipo napenda sana hili andiko. Anawaonya kwa ukali kwamba dhambi yao itawapata. Lakini soma mstari wa 30: wasipovuka na silaha, watapata milki katikati ya ndugu zao huko Kanaani. Hawafukuzwi katika Israeli. Wanapoteza Gileadi, hawapotezi undugu. Makubaliano mazuri husema mapema mtu akishindwa itakuwaje, ili siku hiyo isikute hasira zetu ndizo zinaamua. Mhudumu wa mitambo akikosa kuja mara tatu bila habari, amepumzishwa zamu kwa mwezi, si kwamba ameokoka nusu.

Na neno hilo Musa hakulihifadhi kichwani mwake. Mstari wa 28, alimwagiza Eleazari kuhani, na Yoshua mwana wa Nuni, na wakuu wa makabila. Musa alijua hatavuka. Je, angekufa na mapatano hayo? Makanisa mangapi mchungaji akihamishwa, nusu ya maelewano ya idara yanahamishwa naye? Kiongozi mpya anaingia, anauliza nani hulipia mafuta ya jenereta, na watu wanaangaliana. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata mapatano ni mali.

Ikawa Musa akafa. Yoshua, katika sura ya kwanza ya kitabu chake, kabla hawajavuka, aliwaita akawakumbusha lile neno la Musa. Hakuwafanyia jipya. Nao wakavuka, sura ya nne inasema watu kama 40,000 wenye silaha walivuka. Walikaa huko muda gani? Piga hesabu na Kalebu. Alikuwa na miaka 40 alipotumwa kupeleleza, na 85 alipokuja kudai mlima wake. Hiyo ni miaka 45. Kumbukumbu la Torati 2:14 inasema 38 kati ya hiyo iliisha wakizunguka baada ya Kadesh-barnea. Zinabaki kama 7. Miaka saba wanaume wanapigania mashamba ya watu wengine, na wake zao na watoto wako ng’ambo ya mto! Ni nini kiliwaweka pale? Walijua mwisho wa kazi uko wapi. Mtu huvumilia mzigo mkubwa akijua mahali pa kuutua.

Na siku ilipofika, Yoshua 22, kiongozi hakusahau. Aliwaita, akakiri mbele ya watu kwamba wametimiza yote, akawabariki, akawapa ruhusa waende, na hawakuenda mikono mitupu: mifugo, fedha, dhahabu, shaba, chuma na mavazi. Viongozi wenzangu, tusikize hapo. Tukishamaliza mkutano wa injili tunakunja hema na kusahau waliolisimamisha.

Laiti sura ingeishia hapo. Walipofika Yordani wakajenga madhabahu kubwa. Habari ikafika upande ule, na Israeli wote wakakusanyika Shilo kwenda kupigana nao. Watu waliopigana bega kwa bega miaka saba! Mbona?

Mapatano ya Musa yalihusu vita. Hayakusema lolote juu ya ibada baada ya vita. Hali ilibadilika na hakuna aliyeketi tena. Makabila mawili na nusu (maana nusu ya Manase walikuwa nao) walikuwa na hofu ya haki kabisa, kwamba siku zijazo watoto wa upande ule watawaambia watoto wao, nyinyi hamna sehemu kwa Bwana, si mto uko katikati? Hofu nzuri, ila hawakumwambia mtu. Walijenga kwanza, wakaeleza baadaye, jeshi likiwa limeshakusanyika.

Asante Mungu kwa Finehasi. Unamkumbuka Finehasi? Ni yule wa Hesabu 25, mtu wa mkuki. Kama kuna mtu ambaye ungetarajia aanze kwa kuchoma, ni huyu. Lakini safari hii alitumwa na wakuu kumi, mmoja kwa kila kabila, kwenda kuongea. Sitawaficha, ujumbe wenyewe ulianza kwa kushtaki. Walitaja Peori, wakamtaja Akani. Lakini katikati ya ukali waliweka jambo la kushangaza: kama nchi yenu ni najisi, vukeni mje mkae kwetu. Walikuwa tayari kukata shamba lao ili wasiwapoteze ndugu. Ukienda kumuuliza mwenzako juu ya madhabahu yake, umebeba nini mkononi?

Wenzao wakaeleza. Si ya sadaka, ni shahidi kati yetu na ninyi. Finehasi na wakuu wakaridhika, wakarudi, na neno la vita likaisha.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, “Pasta, hiyo ni mambo ya ofisi. Kazi ya Mungu tunaongozwa na Roho.” Haleluya, tunaongozwa na Roho. Musa naye aliongozwa na Roho, na aliongea na Mungu uso kwa uso, lakini aliuliza watu wa Gadi maswali. Paulo alipobeba mchango wa watakatifu hakusema “niaminini mimi ni mtume.” Soma 2 Wakorintho 8:18–21: kulikuwa na ndugu aliyechaguliwa na makanisa asafiri naye, ili mtu asipate la kumlaumu. Kwa hivyo mchango wa idara usikae katika simu ya mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni mnyoofu kama rula. Yeye ndiye wa kwanza kulindwa.

Sasa tufanye kazi. Wiki hii, kabla ya ibada ya Jumatano, naomba idara zinazogusana ziketi wawili wawili. Timu ya sifa na mitambo: orodha ya nyimbo inafika kwa nani, siku gani, na wakati wa ibada ni nani mmoja tu anayeonyesha ishara ya kupandisha au kushusha sauti. Kina mama na vijana: chai ya kesha ni ya nani, kuni na maji ni za nani, na sukari ikiisha saa nane usiku anaamshwa nani. Shule ya Jumapili na sisi wahubiri: tukipitisha wakati, mwalimu aliye na watoto sitini wenye njaa afanye nini? Hilo nitaketi mimi mwenyewe na walimu, na watakalosema nitalisikia.

Nusu ukurasa inatosha. Nani, nini, saa ngapi, mpaka lini, ikishindikana itakuwaje, na mtaketi tena lini kuangalia. Someaneni kwa sauti, kila upande urudie ulichosikia. Nakala moja kwa katibu wa kanisa.

Na kama tayari kuna madhabahu imejengwa upande wa pili na hujui ni ya nini, usiipeleke Shilo. Usiipeleke kwenye kundi. Vuka uulize.

Tuombe. Baba, kuna watu wawili katika kanisa hili wanaohudumu kila Jumapili na hawajasalimiana tangu Pasaka. Unawajua kwa majina. Wape leo kabla hawajafika getini mmoja wao asogee karibu, kama watu wa Gadi walivyomsogelea Musa, na aliye na neno la ukali aliweke pamoja na nafasi katika nchi yake. Katika jina la Yesu. Amina.