Nusu ya nani?

Kichwa cha habari hakina nafasi ya kutaja umri wa mtoto.

Mwaka 2011 zilienea habari kwamba chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa katika nchi 7 za Afrika, ikiwamo Tanzania huko Bagamoyo na Korogwe, inapunguza ugonjwa kwa nusu. Kweli, ila kwa watoto wa miezi 5 hadi 17, katika mwaka wa kwanza baada ya dozi tatu. Kwa vichanga walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12, kinga ilikuwa theluthi hivi.

Mzazi wa Malolo, Kilosa, anayesikiliza redio anastahili kuambiwa hayo yote: umri, dozi, muda wa ufuatiliaji. Chanjo hiyo haikuwa muujiza wala utapeli. Mwaka 2021 WHO iliipendekeza, vyandarua vikiendelea kutumika.