Amana ya Kinywa: Wasia kwa Baba Juu ya Meno ya Watoto

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa meno ya kutafunia riziki yake na ulimi wa kumtajia Mola wake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu yangu Muislamu, maneno haya nayaelekeza kwako wewe baba. Mama ndiye akeshaye na mtoto usiku jino likimuuma. Lakini mfuko wa nyumba aghalabu u mkononi mwako, na safari ya kwenda kwa tabibu yangojea neno lako. Na neno lako twalijua. Wasema: "Mwacheni, hayo ni meno ya utotoni, yataanguka yenyewe."

Neno hili ni kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyowadhuru watoto wetu. Ni kweli meno ya utotoni ni 20, huanza kuota mtoto akipata kama miezi 6, na yakifika karibu ya miaka 3 huwa yametimia. Ni kweli pia huanguka. Walakini magego yake hayaanguki mpaka mtoto awe na miaka 10 hata 12. Basi mtoto aliyeharibikiwa na gego katika mwaka wake wa 4, wamngojesha miaka 6 ndani ya maumivu? Tena jino la utotoni humshikia nafasi yule ajaye chini yake; likitoka kabla ya wakati, jirani zake huinamia pengo, na jino la ukubwani likija halioni njia, likaota upande. Na kubwa kuliko hayo, uozo ukifika kwenye kiini cha jino hufanya usaha. Usaha huvimbisha shavu na kuleta homa, na ukishuka shingoni au ukienea katika damu waweza kumwua mtoto.

Nalimwona mwana mmoja wa chuoni aliyekuwa hodari wa kusoma, ghafula akawa hasomi. Mwalimu akadhani ni uvivu, akamkemea. Kumbe mtoto hawezi kupanua kinywa. Baba yake hakuwa maskini. Alikuwa akisema tungoje mwisho wa mwezi, kisha tungoje Idi ipite. Siku alipopelekwa hospitali jicho moja lilikuwa limekwisha kufumba kwa uvimbe, akalazwa siku kadha. Baba akaniambia, hali ameinamisha kichwa: "Nilidhani ni jino tu."

Nawe jua jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Mtoto akikaribia miaka 6, nyuma kabisa ya meno yake ya utotoni huota gego kubwa, wala hakuna jino liangukalo kwanza ili kulipisha. Kwa hiyo baba huliona akadhani nalo ni la utotoni. Sivyo. Hilo ni la ukubwani, ndilo atakalotafunia mpaka uzeeni, na likitoka halina badali. Tena huzaliwa na mifereji myembamba juu yake ambamo chakula hujificha, nalo huanza kuoza upesi kuliko mengine.

Sasa tazama umri huo. Mtume (S.A.W.) ametuagiza tuwaamrishe watoto wetu swala wafikapo miaka 7. Yaani gego lile laota karibu ya wakati ule ule ambao yakupasa umsimamishe mwanao penye maji umfundishe udhu. Je, utamfundisha kusukutua usimfundishe kupiga mswaki? Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba lau si kuchelea kuutia umma wake mashakani, Mtume angewaamuru mswaki katika kila swala. Na katika maradhi yake ya mwisho Bibi Aisha alimwona akiutazama mswaki uliokuwa mkononi mwa nduguye, Abdurrahman, akajua ya kuwa autaka. Akautafuna ukalainika, akampa, naye akapiga mswaki vizuri mno. Sunna aliyoifanya akiwa katika kuiaga dunia, sisi twaiona ni kazi ya kuwaachia mayaya!

Na namna yake ni nyepesi. Mara mbili kwa siku, na ya usiku isikose kabisa, na baada yake asile wala asinywe ila maji. Dawa ya meno iwe yenye madini ya floraidi, kwani ndiyo yatiayo jino nguvu. Mtoto wa chini ya miaka 3 atiliwe kadiri ya punje ya mchele, na wa miaka 3 hata 6 kadiri ya punje ya mbaazi, kisha ateme. Kijiti cha mti wa mswaki ni sunna, nacho husafisha. Lakini mkono wa mtoto mdogo haukifikishi kwenye magego ya nyuma. Basi shika mswaki wewe mwenyewe mpaka afike miaka 7 au 8.

Ama utamu, sikuambii uiondoe halua nyumbani siku ya Idi. Vijidudu vya kinywani hula sukari vikatoa ukali ulao jino, na kila mara mtoto atiapo kitu kitamu ukali huo hukaa kwa muda kabla ya mate kuuondoa. Kwa hiyo mara nyingi hudhuru kuliko wingi wa mara moja. Kashata moja baada ya chakula ina nafuu kuliko ubuyu wa kumumunya toka adhuhuri mpaka magharibi. Na chupa ya maziwa ya sukari alalayo nayo mtoto mchanga ni balaa tupu.

Wengine humtisha mtoto: "Ukifanya utukutu nitakupeleka ukang'olewe meno!" Kisha siku ya haja wastaajabu akipiga kelele mlangoni. Tabibu wa meno hana koleo peke yake. Aweza kupaka floraidi. Aweza kuziba ile mifereji ya gego jipya kabla halijaoza. Aweza kupaka tundu dawa ya maji yenye madini ya fedha, uozo ukasimama, ijapokuwa pale palipooza hugeuka peusi. Iko na njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba pasipo mashine, nayo ilianza kutumiwa hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia dawa hiyo ya fedha, na simenti ya kuzibia, na dawa ya meno ya floraidi, katika orodha ya dawa za lazima. Na hata kung'oa, kukihitajika, hutanguliwa na sindano ya ganzi.

Lakini yule amchimbuaye mtoto mchanga ufizi kwa kuwa ana homa na kuhara, akidai amtoa "meno ya plastiki", huyo usimpe mwanao. Kile cheupe akitoacho ni jino changa la mtoto, na jeraha lile laweza kumpoteza. Mwenye kuhara dawa yake ni maji ya chumvi na sukari yatolewayo zahanati.

Limebaki swali la Ramadhani, kwani katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi ni makruhu aliyefunga kupiga mswaki baada ya jua kupinduka. Kijana wako aanzapo kufunga, mpigishe mswaki baada ya daku kabla ya alfajiri, na tena baada ya tarawehe, akiisha kula vitamu vyote vya usiku ule. Na mdogo asiyefunga hana udhuru, wala wewe huna kwa ajili yake.