Majina Yanayosomwa

Kila mwaka baada ya sikukuu ya mavuno sisi wachungaji hupokea lalamiko la aina moja. Si kwamba mahindi yalikuwa haba au mnada ulikwenda vibaya. Ni kwamba jina la mtu halikusomwa. Mwaka mmoja, katika usharika mmoja wa Iringa, mama mmoja alileta debe la maharage, na msomaji alipofika kwake akasema tu "na wengine". Mama yule hakuonekana ibadani mwezi mzima. Tulimtembelea, tukamfundisha habari ya sadaka inayotolewa kwa siri. Leo tunaona tulikosea.

Wanasayansi nao wana orodha yao ya kusomwa. Mtafiti akigundua jambo huandika makala, na mwenzake akilitumia hupaswa kumtaja. Tangu 1964, Eugene Garfield wa Marekani alipoanza kuchapisha orodha kubwa ya nani amemtaja nani, kutajwa huko huhesabiwa. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza namba moja ya kumpima mtafiti: mwenye makala 20 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 20, namba yake ni 20. Watu hupanda vyeo kwa namba hizo. Je, Mkristo atamani kutajwa?

Tumtazame Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, mtu wa sala, aliyeanza kazi Uganda mwaka 1946. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, alioneshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye, akiwa Jinja, alitazama dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Mwaka 1958 akachapisha makala juu ya wagonjwa 38, na mwanzoni haikuwashtua wengi. Hakukaa kungoja sifa. Aliziandikia hospitali, nyingi zikiwa za misheni, akiuliza kama wamewaona watoto wa namna hiyo. Mwishoni mwa 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Clifford Nelson, alisafiri kwa gari kuukuu maili zipatazo 10,000, kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali.

Aligundua kwamba karibu na ikweta saratani hiyo ni adimu juu ya futi 5,000 hivi, lakini huonekana kwenye nchi za chini zenye joto na mvua. Sisi wa Nyanda za Juu hatuhitaji ramani kuelewa. Anayeshuka kutoka Mbeya kwenda Kyela huvua koti njiani. Baadaye ilionekana kuwa mbu na malaria vinahusika.

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alizungumza London, na Anthony Epstein akamsikiliza, akaanza kupokea vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester. Kipande kilifika kimechelewa, maji yake yamechafuka, nao wakakuta ndani yake seli hai. Makala ya 1964 iliyotangaza kirusi kipya ina majina matatu: Epstein, Achong na Barr. Kirusi chenyewe kina mawili. Bert Achong, mwana wa Trinidad aliyefanya kazi ya hadubini, ameachwa nje. Miaka ya 1970 wengine wakaona kwamba katika seli hizo kipande cha kromosomu namba 8 huhamia namba 14, na kwa hiyo elimu ya vinasaba vya saratani ikapiga hatua kubwa. Makala hizo zimetajwa mara nyingi mno.

Hapa ndipo tulipomkosea yule mama. Tulidhani kutaka kutajwa ni kiburi. Lakini kumtaja mwenzako ni kulipa deni, na kutomtaja ni jambo la amri ya saba, usiibe. Kosa huanza pale namba inapogeuka kuwa haki yetu mbele za Mungu. Na tusiwacheke wasomi: sisi wachungaji tunajua vizuri idadi ya waliobarikiwa kipaimara kwetu, na ya usharika wa jirani pia.

Lakini yuko ambaye hahesabiwi kabisa: mtoto aliyetoa kile kipande, na mama aliyembeba hadi hospitali. Siri ya mgonjwa ilindwe, ni sawa. Paulo anapofunga waraka kwa Warumi huwataja Fibi, Priska na Akila. Hata mwandishi wake Tertio anapata nafasi ya kusalimu. Kisha anamtaja mama yake Rufo, bila jina, akisema ni mama yake pia. Deni kwa asiye na jina laweza kukubaliwa. Tangu miaka ya 1960 madaktari wa Kampala na Nairobi walionyesha kuwa dawa huponya baadhi ya watoto hawa, wakiwahishwa. Basi mzazi wa Kyela mwenye mtoto aliyevimba taya akikosa nauli ya kumfikisha hospitali, deni hilo liko mezani kwa baraza la wazee.

Kwa yule mama tulirudi, tukaomba radhi. Alitupa chai. Kisha akamtajia mweka hazina jina lake lote, polepole, na kumsahihisha herufi moja.