Vijana wa Dunda, Ujueni Mwaka Wenu

Kijana wa Dunda yetu hapa Bagamoyo anayesukuma ngalawa majini bila kujua upepo uko katika zamu gani anakwenda kumwomba riziki mtu asiyemjua hata jina. Ndiyo maana, wanangu, nataka tuzungumze habari za mwaka wetu.

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi hutawala tangu Desemba mpaka Machi: jua kali, bahari ya joto, na zamani ndiyo iliyoyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huingia Aprili, hupata nguvu Juni na Julai wakati wa kipupwe, kisha hulegea kuelekea Oktoba. Kusi ni ya kuheshimiwa. Chombo kidogo hakishindani nayo. Kati ya pepo hizo kuna maleleji, bahari inapotulia na upepo haujachagua upande. Mvua nazo zina zamu yake. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na katikati ya baridi hupita mchoo, mvua nyepesi ambayo wengi wenu hamuitaji tena kwa jina. Mchoo ni mdogo, lakini mwenye mboga na mihogo michanga anajua thamani yake.

Wazee wa pwani hawakuyahesabu haya kwa kubahatisha. Mwezi mwandamo huzunguka, mara Ramadhani iko masika, miaka kadhaa baadaye iko kiangazi, wala upepo hauufuati. Basi wakashika mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi, wakaugawa katika miongo ya siku 10. Miongo 36 na siku 5 za ziada, mwaka umetimia. Nahodha alijua mwongo wa kung'oa nanga, mkulima alijua mwongo wa kutia mbegu. Makunduchi kule Unguja bado wanaukaribisha mwaka huo kwa sherehe ya Mwaka Kogwa kila Julai. Mwezi mwandamo wakauachia kazi nyingine, nayo ni maji: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, bahari ikajaa sana na kukauka mbali, katikati yake ni maji mafu.

Sasa geuzeni shingo mtazame bara. Milima ya Uluguru, kule Morogoro, iko mbali na Dunda, lakini inaingia kwenye vyungu vyenu kila siku. Upepo wa baharini hupita juu ya vichwa vyetu na unyevu wake, ukifika Uluguru unalazimika kupanda, unapoa, unaumwaga wote kwenye miteremko ya mashariki. Huko juu hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na upande wa pili wa milima ileile ni mkavu zaidi.

Maji hayo ya Uluguru ndiyo mto Ruvu, na Ruvu unaingia baharini hapa jirani. Mwenye mpunga bondeni asitazame anga ya Dunda peke yake. Jua linaweza kuwaka hapa, na maji yakateremka kutoka Morogoro yakafunika miche yote. Mto ukipungua nako kuna taabu. Oktoba 2022 Dar es Salaam iliingia kwenye mgao wa maji kwa sababu Ruvu ulikuwa umeshuka mno. Hata kamba mnaowauza wanategemea mlima. Huzaliwa baharini, huja kukulia kwenye mikoko ya midomo ya mito ya Ruvu na Wami, wakishakua hurudi nje. Anayekata mikoko apate kuni, mkaa au eneo la chumvi anamaliza malezi ya kamba na kuufungulia mawimbi ufukwe wetu. Hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu wanaolifanya ni watoto wetu wenyewe.

Nawasikia mkisema kwamba tabianchi imebadilika, hivyo hesabu za wazee hazina kazi. Mvua za mwisho wa 2023, zilizokuja na El Niño, zilimwagika kupita kiasi. Kuna miaka vuli haionekani kabisa. Ni kweli. Lakini asiyejua mwaka wa kawaida atautambuaje mwaka uliopinda? Hesabu ya wazee ndiyo kipimo chenyewe.

Chukueni mfano wa vimbunga, kwa sababu wengi hapa huamini pwani yetu imesalimika navyo. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikaangusha mikarafuu, kikaharibu na majengo ya misheni hapa Bagamoyo. Aprili 1952 kikapiga Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika Mafia, kikakata barabara za kusini. Tazameni miezi hiyo: yote ni ya kaskazi kuaga na kusi kuingia. Mara hii ya mwisho Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, na boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Mwaka 1872 hakukuwa na wa kutangaza.

Kwa hiyo simu mlizonazo zitumieni. Mamlaka hutoa utabiri wa vuli na wa masika kabla ya msimu kuanza, na wa bahari kila siku; usomeni kabla ya kushusha chombo, na ukisema msitoke, msitoke, hata kama nguru wanaruka. Pia nunueni daftari. Andikeni siku kusi ilipoanza, siku mvua ya kwanza ya vuli iliponyesha, siku Ruvu ulipogeuka mwekundu, wiki maembe yalipoanza kuiva. Baada ya miaka michache mtakuwa na kitu ambacho hata wataalamu watakuja kukiomba. Na wazee wenye miongo kichwani bado wapo Dunda, ila wanapungua. Wafuateni muwaulize kabla vuli haijaingia.