Kumbukumbu za Bibi wa Kijapani Hawaii

Kati ya 1908 na 1920, maelfu ya wanawake wa Kijapani walivuka bahari hadi Hawaii kuolewa na vibarua wa mashamba ya miwa waliowajua kwa picha tu. Wengi walitoka Hiroshima na Yamaguchi, ngome za Ubuddha wa Jodo Shinshu. Walipalilia miwa, wakalea, wakazeekea huko huko.

Anapofariki bibi kama huyo, hupewa jina la kidini linalohifadhiwa katika kabati dogo la ibada nyumbani. Mbele ya kabati hilo huwekwa wali wa moto na kufukizwa udi. Kasisi husoma maandiko siku ya 49, kisha mwaka unapotimia, na kumbukumbu huweza kuendelea hadi ile ya mwaka wa 33. Kiangazi jamaa husafisha kaburi, na usiku hucheza kwa duara uwanjani pa hekalu.

Je, ibada hizi humfaa nani? Madhehebu mengi ya Kibuddha husema thawabu humfikia marehemu. Shinran (1173–1263), mwanzilishi wa Jodo Shinshu, alilikataa hilo: hakuwahi kulitaja jina la Buddha Amida kwa ajili ya wazazi wake, kwani wokovu ni kazi ya Amida, si juhudi ya binadamu. Ni fundisho gumu kwa mfiwa, lakini lina upole mkubwa. Mjukuu aliyesahau wali hajamwacha bibi na njaa. Anayefundishwa mbele ya kabati lile ni yeye mwenyewe: asikilize mafundisho, ashukuru, na ajue kuwa naye atakufa.